Tupeane uzoefu: kigari cha mtoto wa kwanza, tuchague kwa njia tunazopita

MwanaKigamboni
Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni kwa ajili ya wanaotarajia mtoto wa kwanza na wanaozunguka Kariakoo bila kujua waangalie nini kwenye kigari zaidi ya rangi na bei. Kila mwenye ujuzi autoe: wa afya, wa magurudumu, wa mitumba, walioko nje. Tupeane vipimo na sababu zake.

Naanza na njia. Kabla ya kuingia dukani, pitieni kichwani ile safari ambayo kigari kitaifanya mara nyingi kuliko zote, kuanzia mlango wa chumbani hadi kliniki au sokoni. Kuna ngazi ngapi? Ukishatoka getini unakutana na lami, pevingi, kokoto au mchanga? Mnatumia gari la nyumbani, bajaji au daladala? Kigari kinachokwenda vizuri kwenye pevingi za Masaki huzama kwenye mchanga wa Kigamboni kabla hujafika kwa jirani. Chukueni futi kamba mpime mlango mwembamba kuliko yote nyumbani, pamoja na buti ya gari: upana, kina na kimo chake likiwa limefungwa. Vigari vingi vya mtoto mmoja vina upana wa kati ya sentimita 45 na 65. Muuzaji akikwambia "kinaingia tu", mwombe akikunje, nawe upime mwenyewe.

Nesi_wa_Zamu
Asante kwa kuanzisha. Mimi nasisitiza umri, maana hapa ndipo wazazi wapya wanapouziwa kitu kisicho cha mtoto wao.

Kichanga hawezi kushika shingo. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Ukimkalisha, kichwa huanguka mbele, kidevu kinagusa kifua na hewa inabanwa bila yeye kulia wala kuhangaika. Kwa hiyo miezi sita ya mwanzo anatakiwa kulala bapa, au karibu na bapa. Kiwango cha Ulaya cha vigari, EN 1888, kinataka kiti cha mtoto aliye chini ya miezi sita kilale mpaka pembe kati ya kikalio na mgongo ifike angalau nyuzi 150. Nyuzi 180 ndiyo bapa kamili. Kikiishia nusu, hicho ni cha mtoto anayekaa, hata kama boksi lina picha ya kichanga.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kigari chenye kapu la kulalia linalopachikwa juu ya fremu. Kapu hilo ni la mtoto wa hadi kilo 9, na linaachwa mara tu mtoto anapoanza kukaa mwenyewe, kujigeuza au kujiinua kwa mikono na magoti, hata kama kilo hazijafika. Ya pili ni kiti kinacholala chote. Kishushe hadi mwisho, kisha bonyeza katikati ya mgongo kwa kiganja. Kikibonyea kama machela, mgongo wa mtoto utajikunja. Vile vigari vyepesi vya kitambaa kitupu vinavyokunjwa kama mwamvuli vingi viko hivyo, visubiri miezi sita.

Msiongeze mto wala godoro la pembeni "ili alale vizuri". Godoro lililokuja na kigari linatosha. Na kiti cha gari kinachopachikwa kwenye fremu si kitanda: ni cha safari. Mkifika, mtoeni mtoto alazwe bapa. Uingereza ushauri wa kawaida ni asizidi saa mbili mfululizo humo, na kwa mtoto wa wiki chache muda uwe mfupi zaidi.

FundiSpoku
Nesi kamaliza la mtoto, mimi nishuke chini kwenye magurudumu.

Gurudumu la inchi 5 au 6, plastiki ngumu au povu, linafaa kwenye vigae, sakafu ya maduka makubwa na lami nzuri. Kwenye nyufa za pevingi linaingia na kusimama ghafla, mtoto anatupwa mbele kwenye mkanda. Inchi 8 hadi 10 ni za barabara mchanganyiko. Mchanga na kokoto vinataka inchi 12 nyuma, tairi pana. Sababu ni rahisi: gurudumu kubwa linapita juu ya shimo, dogo linatumbukia ndani yake. Hata hivyo kwenye mchanga mlaini hakuna kigari cha ajabu. Funga magurudumu ya mbele yasizunguke, geuka, ukivute kinyumenyume.

Tairi za upepo zinapunguza mtikisiko kuliko zote. Nyingi ni saizi ya 12½ × 2¼, ile ile ya baiskeli nyingi za watoto, kwa hiyo tyubu zinapatikana kwa mafundi baiskeli na kiraka ni kazi ya dakika chache. Adui yake ni mbigili. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tumia pampu ya mkono, usiende kwenye kompresa ya malori, kwa sababu rimu nyingi za vigari ni za plastiki na hupasuka upepo ukizidi. Tairi za povu hazitoboki, ila zikishalika hazizibwi, unanunua gurudumu zima. Muulizeni muuzaji kabla ya kulipa: gurudumu hili peke yake analo?

Kipimo cha haraka: inua kigari, zungusha gurudumu kwa kidole. Lenye beringi linazunguka muda mrefu kimya. La bushi ya plastiki linakwaruza na kusimama mapema, na mchanga ukiingia linakula ekseli.

MamaPili_Tegeta
Kaka Fundi, magurudumu ya mbele yakianza kutetemeka kigari kikienda mbio kidogo, ni ubovu wa kudumu au kuna dawa?

FundiSpoku
Dada, mara nyingi kuna dawa. Kama ni tairi za upepo, angalia kwanza kama upepo uko sawa. Pili, shika uma wa mbele utikise kushoto na kulia: ukicheza, bushi imelika au nati imelegea. Tatu, toa gurudumu (lina kitufe au pini kwenye ekseli), futa nywele na nyuzi zilizojizungusha, zinajificha sana hapo. Usipake oili ya injini wala grisi. Vumbi hunata humo na kuwa msasa. Silikoni ya kupuliza inatosha. Likitetemeka bado, funga magurudumu ya mbele unapokwenda njia iliyonyooka.

Mkaazi_wa_Kisauni
Nyinyi wa pwani wenzangu, naomba tulizungumze joto, maana hili naliona halipewi uzito wake.

Watu hufunika kigari kwa leso wakidhani wanampa mtoto kivuli. Leso kavu ikishushwa mpaka chini inazuia hewa, joto la mwili wa mtoto linabaki ndani, na jua linaongeza. Hata kitambaa chepesi kinapandisha joto ndani ya muda mfupi. Mtoto mchanga hatoi jasho vizuri kama mkubwa na hawezi kujifunua. Plastiki ya mvua ni mbaya zaidi: mvua ikikatika na jua likatoka, itoeni hapo hapo, msingoje mfike.

Cha kutafuta dukani ni hiki. Kofia ndefu, inayoshuka mpaka karibu na magoti ya mtoto. Dirisha la wavu juu au nyuma ya kofia ili hewa ipite. Mgongo wa kiti wenye wavu unaofunguka. Kitambaa cha rangi isiyokoza. Kitanda cha ndani kinachotoka kufuliwa, kwa sababu jasho na maziwa havikosi. Ngozi bandia inapendeza dukani, lakini Januari mpaka Machi inamchoma mtoto mapajani. Pia gusa chuma cha kifungo cha mkanda kabla hujamfunga mtoto, kama kigari kilisimama juani.

Ukilazimika kutumia leso, iwe imeloweshwa na kukamuliwa, iwekwe juu ya kofia huku mbele pakibaki wazi, na ilowekwe tena ikikauka. Kila mara ingiza mkono uguse kifua au shingo ya mtoto. Mikono na miguu haikwambii kweli.

Jicho_la_Ilala
Naongezea upande wa mitumba. Vigari vizuri vinashuka kwenye makontena kutoka Ulaya, na bei inashawishi, ila kagueni kwa utaratibu.

Kikunjue mwenyewe. Lazima usikie kufuli likiingia, na kikishafunguka, jaribu kukikunja kwa kubonyeza sehemu moja tu. Kikikunjika, achana nacho. Kigari salama kinataka vitendo viwili tofauti, ili kisifunge mtoto akiwa ndani. Kisha bawaba. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren, ambayo mwanzilishi wake Owen Maclaren ndiye aliyebuni kigari cha kukunja kama mwamvuli miaka ya 1960, ilitangaza Marekani urekebishaji wa vigari takriban milioni moja. Bawaba za ubavuni zilikuwa zinakata ncha za vidole vya watoto wakati wa kukunja na kukunjua. Suluhisho lilikuwa vifuniko vya kuvika juu ya bawaba. Vigari vya miaka hiyo bado unaweza kukutana navyo. Ukikuta bawaba ziko wazi bila kifuniko, usichukue, au uhakikishe mtoto yuko mbali kabisa unapokikunja.

Endelea na plastiki: iliyopigwa jua sana hupauka na kutoa nyufa nyembamba kama nywele kwenye viungo na kwenye vifungo vya mkanda. Funga kifungo, vuta kwa nguvu zako zote. Mkanda uwe wa ncha tano, yaani mabega mawili, kiuno kushoto na kulia, na katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni peke yake haumzuii mtoto anayejua kusimama. Angalia mishono iliko kwenye kiti, nusa godoro. Ukungu kwenye povu hautoki kwa kufua juu juu.

Kagua kutu chini ya fremu karibu na riveti. Riveti iliyolegea haifungwi tena kama nati. Mwisho, tafuta lebo: EN 1888 kwa vya Ulaya, ASTM F833 kwa vya Marekani, na namba ya modeli. Kwa namba hiyo utatafuta mtandaoni kama kilishawahi kurudishwa kiwandani, na utapata kitabu chake cha maelekezo.

Kiti cha gari cha mtumba ni habari nyingine. Kama hujui historia yake, usinunue. Kikishapata ajali hata moja, ufa unaweza kuwa ndani usikoona.

Bongo_London
Kwa mliopo Uingereza au mnaokuja na mtoto: ile nafasi ya wazi ndani ya basi ambako vigari husimama ni ya abiria wa kiti cha magurudumu kwanza. Januari 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Doug Paulley, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, dhidi ya kampuni ya mabasi ya FirstGroup, iliona kwamba haitoshi dereva amwombe tu mwenye kigari apishe halafu aache. Kwa hiyo mtaombwa kukunja. Kigari cha kilo 14 chenye sehemu mbili za kutenganisha kwanza kitawapa shida hapo, mtoto mkononi na mvua inanyesha. Chagueni kinachokunjwa kwa mkono mmoja na kusimama chenyewe.

MamaPili_Tegeta
Hilo la mkono mmoja ni la daladala pia. Kwa kweli, anayetegemea daladala kila siku, miezi sita ya mwanzo mbeleko ya mbele inamtosha: imkaze mtoto kifuani, uso uonekane, kidevu kisiguse kifua, na kimo cha kichwa chake uweze kukibusu ukiinama kidogo. Mgongoni ni mpaka shingo ikaze. Kigari chepesi cha kilo 6 au 7 kinunuliwe baadaye.

Nesi_wa_Zamu
Nakubaliana na dada. Na kama kiti kinageuzwa, mwaka wa kwanza kimtazame mzazi. Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee alichapisha mwaka 2008 uchunguzi ulioonyesha kwamba wazazi huzungumza zaidi na mtoto anayewatazama. Na unamwona akitapika.

FundiSpoku
Nimalizie jaribio la dukani, maana kigari kitupu hakisemi ukweli. Beba madumu mawili ya maji ya lita 5, hizo ni kilo 10. Yafunge kwenye kiti kwa mkanda.

Sukuma kwa mkono mmoja hatua ishirini: kikivuta upande, fremu imepinda au gurudumu moja halizunguki sawasawa. Bonyeza mpini uinue magurudumu ya mbele, kama unapanda ukingo wa barabara. Ikikulazimu kutumia uzito wa mwili mzima, mitaro yetu itakuchosha. Weka breki kwenye mteremko, sukuma: magurudumu yote mawili ya nyuma yashike. Jaribu breki hiyo ukiwa na ndala, kwa sababu nyingine zinainuliwa kwa juu ya mguu na zinaumiza. Tembea hatua ndefu uone kama unapiga teke ekseli ya nyuma. Mpini uwe karibu na kimo cha kitovu, na kama baba na mama mmepishana sana urefu, tafuteni unaopandishwa.

Halafu tundika mfuko wa sokoni kwenye mpini, toa madumu ghafla. Kigari kitalala chali mbele ya macho yenu. Ndiyo maana mzigo unakaa kwenye kapu la chini, kwa kilo zilizoandikwa hapo, nyingi ni kati ya 2 na 5.