Orientesheni ya mwaka wa kwanza: tuipangeje ili wanafunzi wasiisahau?

Mratibu_Raskazone
Habari za kazi wadau. Chuo chetu kipo Tanga mjini na tunatarajia wanafunzi wapya 420. Orientesheni yetu ni siku tano ukumbini: hotuba za viongozi, maktaba, Bodi ya Mikopo, kanuni, afya. Ikifika wiki ya nne bado wanauliza kozi zinasajiliwa wapi na sapu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli kozi) ni nini. Tunataka kuigeuza iwe kozi kamili. Tuanzie wapi?

Fundi_Ratiba
Mkuu, anzeni na mwisho. Andikeni mambo ambayo mwanafunzi awe anaweza kuyafanya mwenyewe ifikapo wiki ya nane. Orientesheni nyingi huharibika kwa sababu zinapangwa kwa kufuata orodha ya ofisi, kila ofisi na hotuba yake.

Kisha kila jambo lisogezeeni wiki linapohitajika. Wiki ya kwanza ni usajili, malipo, malazi, bima ya afya na kusaini mkopo, basi. Kanuni za mitihani zikisemwa siku ya pili hazishiki, maana hakuna aliyeona mtihani bado. Zipelekeni wiki moja kabla ya jaribio la kwanza. Namna ya kutaja vyanzo ifundishwe siku ileile kazi ya kwanza ya kuandika inapotolewa, na waifanyie mazoezi kwenye kazi hiyohiyo. Baada ya wiki ya kwanza, saa moja kwa wiki inatosha.

Wanafunzi 420 kwa makundi ya 25 ni makundi 17. Wafunzeni viongozi 20 wa mwaka wa pili na wa tatu, watatu wakiwa akiba. Mafunzo yawe siku mbili, na siku ya pili nzima waendeshe vipindi mbele ya wenzao. Kiongozi asiyefunzwa huishia kuwaonyesha wageni wapi pa kupata madesa, yaani notsi za kunakili za waliotangulia.

Kozi ya namna hii si jambo geni. University of South Carolina, Marekani, ilianzisha yake mwaka 1972, baada ya ghasia za wanafunzi za 1970.

Mama_Taaluma
Naongeza kipindi ambacho naona ni uti wa mgongo: hesabu ya muda. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti moja ni saa 10 za kazi, na mwaka una krediti 120. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Muhula ukiwa wa wiki 15, ni saa 8 kila wiki. Mihadhara na semina zikichukua 4, nne nyingine ni za kujisomea. Mpeni kila mmoja karatasi yenye siku saba, azipange saa hizo kwa kalamu kwa kozi zote tano. Jumla ni saa 40. Aliyezoea kengele ya kidato cha sita anahitaji kuliona hilo kwa macho yake. Maelezo dakika 15, kazi dakika 40.

Fanyeni na hesabu ya alama. Kama kozi ina alama 40 za ndani (majaribio na kazi za muhula) na 60 za mtihani, na kufaulu ni 40, mwenye 12 za ndani anahitaji 28 mtihanini. Someni kanuni zenu vizuri, maana vipo vyuo vinavyomzuia kufanya mtihani mwenye alama ndogo za ndani.

Stendi_Kange
Wanaochelewa je? Udahili una awamu zaidi ya moja, na wa mwisho hufika wenzao wameshaelekezwa. Vipindi vya wiki ya kwanza virudiwe vyote wiki ya tatu. Kuwapa karatasi ya maelezo peke yake haitoshi. Wekeni meza ya mapokezi stendi ya Kange siku mbili kabla ya kufungua, kuwe na ramani, nauli halisi ya kufika chuoni na namba ya simu ya ofisi. Ijumaa saa sita hadi saa nane mchana msipange kitu. Halafu mnafungua wakati wa vuli: mvua ikipiga bati la ukumbi, kipaza sauti hakisaidii. Makundi ya 25 yaingie madarasani.

Mratibu_Raskazone
Asanteni sana. Ikiwa haina alama, watahudhuria kweli?

Fundi_Ratiba
Kila kipindi kiishe na kitu kilichokamilika: kozi zimesajiliwa kwenye mfumo, kitabu cha kwanza kimeazimwa, ratiba imekaguliwa. Atakayekosa viwili mfululizo, kiongozi wa kundi ampigie simu siku hiyohiyo, na jina lake lifike kwa Mshauri wa Wanafunzi kabla ya Ijumaa. Mara nyingi utakuta amekwama kwenye ada au chumba.