ThinkPad X230 inashika waifai kwa shida: niweke kadi gani?

kona_ya_chumba
Wakuu, habari za jioni. Nina ThinkPad X230, Windows 10, kadi ya waifai iliyomo ni Realtek RTL8188CE. Ruta ipo sebuleni, mimi nakaa chumba cha pili, katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji. Amri ya `netsh wlan show interfaces` inanipa signali 38%, kasi inacheza kati ya Mbps 6.5 na 13, na inakatakata. Simu nikiilaza juu ya kibodi hiyohiyo inasoma -66 dBm (nguvu ya signali; ikikaribia sifuri ni kali zaidi) na haikati. Nataka kununua Intel AX200. Itaingia? Au kuna kadi inayovuta mbali zaidi?

nyaya_na_pini
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Asilimia ya Windows igawe kwa 2, kisha toa 100: 38% ni kama -81 dBm. Simu palepale inapata -66. Vipimo vya vifaa viwili havilingani sawasawa, lakini tofauti ya dB 15 ni kubwa mno, haielezwi na kadi peke yake. Hapo nashuku waya wa antena.

Antena za X230 zimo kwenye kifuniko cha skrini, nyaya zinapita kwenye bawaba hadi kwenye kadi. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Geuza laptopu, fungua skrubu zenye alama ya kibodi na za sehemu ya kuwekea viganja. Kibodi isukume kuelekea skrini ndipo uinyanyue, na uangalie utepe wake usichanike. Toa na kipande cha viganja, kadi utaiona.

Kwenye ThinkPad waya wa kijivu ndio wa MAIN (antena kuu) na mweusi ni wa AUX (antena ya pili). Laptopu nyingine zina mpangilio tofauti wa rangi, kwa hiyo usifuate video ya mashine tofauti. Nyekundu na buluu ukiziona ziache, ni za modemu ya laini ya simu.

RTL8188CE inatumia antena moja tu. Waya uliopo ukilegea hata kidogo, kadi inabaki kama kiziwi. Kichwa cha waya kinyanyue wima kwa kucha au plastiki nyembamba, usivute waya. Kukirudisha, kilenge katikati na ubonyeze mpaka usikie "tik". Vichwa hivi vimetengenezwa kuvumilia kuchomolewa mara 30 hivi, vikizidi hapo vinalegea, basi usivichezee.

bodi_mama
Naongezea kuhusu kadi. AX200 ya kawaida ni ya tundu la M.2, tundu la X230 ni la aina nyingine, mini PCIe nusu. Haiingii. Zipo AX200 zilizogeuzwa kuwa mini PCIe, lakini hapo unakutana na ukuta wa pili: BIOS ya X230 (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ina orodha ya kadi zinazokubalika. Ukiweka isiyomo, mashine inagoma kuwaka, inaleta kosa 1802 na kukutaka utoe kadi. Watu huiondoa orodha hiyo kwa kubadilisha BIOS, ila ukikosea laptopu haiwaki tena mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa cha nje. Kwa waifai tu sikushauri.

Chukua Intel Centrino Advanced-N 6205 iliyotolewa kwa ajili ya Lenovo, stika yake ina namba ya FRU, yaani namba ya kipuri ya Lenovo. 6205 isiyo na FRU inaweza kukataliwa vilevile ingawa chipu ni ileile, na wauzaji wengi hawatofautishi. Inatumia antena mbili, masafa ya GHz 2.4 na 5, kasi ya juu Mbps 300. Windows 10 inaitambua yenyewe. Bluetooth haiguswi, kwenye X230 ina kadi yake.

chaneli_sita
Hapo kwenye GHz 5 pasieleweke vibaya. Kwenye kuta mbili za saruji, GHz 5 inachoka mapema kuliko 2.4. Faida ya 6205 kwako ni antena ya pili: signali ikififia kwenye moja, nyingine inaokoa. Baki kwenye 2.4, na kwenye ruta weka chaneli 1, 6 au 11, upana MHz 20.

Adapta ya USB yenye antena ndefu nayo inasaidia, lakini isichomekwe kwenye tundu la USB 3 jirani na diski ya nje inayofanya kazi. USB 3 inamwaga kelele za redio kwenye GHz 2.4. Tumia waya wa nyongeza wa mita 1 uisogeze mbali.

kona_ya_chumba
Nimefungua. Waya wa kijivu ulikuwa umekaa upande, haujabonyea. Sasa 62%, Mbps 65, na haikati. Mweusi upo pembeni, kichwa chake kimevikwa kimpira cheusi. 6205 nitatafuta. Huo mweusi ndio utaingia AUX?

nyaya_na_pini
Ndiyo mkuu. Vua kimpira siku ya kuweka kadi, si kabla: kichwa kikiwa uchi kikagusa bodi kinaweza kupiga shoti. Na 62% ni -69 dBm. Umeshakaribia simu yako bila kununua chochote.