Albamu ya nyimbo za Kigogo: kasha la plastiki, kasha la kadi au mfuko wa kadi?

Mchoraji wa Kizota:
Wajumbe, habari za leo. Nasanifu albamu ya kikundi cha muziki wa asili hapa Dodoma: zeze, ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba) na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama. Zitatolewa CD 300, pamoja na kijitabu cha maneno ya Kigogo na tafsiri yake ya Kiswahili. Mezani nina mipangilio mitatu: kasha la plastiki tulilolizoea, kasha la kadi lenye kitako cha plastiki kilichogundishwa ndani, na mfuko wa kadi unaofunguka kama kitabu. Mimi navutiwa na wa pili.

Fundi Karatasi:
Ndugu Mchoraji, kabla ya uzuri tutazame kinachovunjika. Bawaba za kasha la plastiki hukatika upesi safarini, lakini mnunuzi akipata kasha tupu atahamishia humo karatasi zako zote, kwa kuwa vipimo ni vilevile kila mahali: milimita 142 kwa 125, unene 10. Meno yanayoshika diski kwenye kitako kilichogundishwa yakikatika hakuna cha kubadilisha, na diski itachezacheza humo na kuchubuka.

Jambo jingine ni mkunjo. Ukiijaza kadi rangi nyekundu ya udongo wetu (nakujua, utaijaza), wino utapasuka palipokunjwa na mstari mweupe utajitokeza, hasa kadi ikikunjwa kinyume na mwelekeo wa nyuzi zake. Mwombe mchapaji aipige mstari wa mkunjo kwanza, yaani aiminye pale itakapokunjwa, na aifunike kwa laminesheni (utando mwembamba wa plastiki) kabla ya kuikunja. Hilo linahusu mipangilio yote miwili ya kadi.

Binti Chamwino:
Nadhani tumeanzia nyuma, kwa sababu kinachopaswa kuamua kasha ni kijitabu. Kijitabu cha kubanwa kwa pini huongezeka kurasa nne nne. Nyimbo kumi kwa lugha mbili, kila wimbo kurasa mbili zinazotazamana, ni kurasa 20, na ukiongeza jalada na picha unafika 24. Kijitabu kinene hivyo kikiingizwa kwenye kifuniko cha plastiki hukwaruzwa na vishikizo kila kinapotolewa, na ukipunguza kurasa itabidi upunguze herufi, ambazo bibi zangu walioziimba hizo nyimbo hawataziona. Mfuko wa kadi wenye nafasi mbili, kijitabu kushoto na diski kulia, unaondoa tatizo hilo. Kasoro yake ni kwamba ulio mwembamba hauna mgongo wa kuandika jina, hivyo ukisimamishwa rafuni haujulikani. Agiza wenye mgongo wa milimita 5.

Mzee wa Ilimba:
Wanangu, siku hizi watu wananiomba nyimbo kwenye flashi. Hiyo diski ataicheza nani?

Mchoraji wa Kizota:
Shikamoo, mzee. CD ni za wageni na za kumbukumbu ya kikundi. Wengine watasikiliza mtandaoni, ambako nitapeleka jalada la mraba la pikseli 3000 kwa 3000. Kwa hiyo jina la kikundi lazima lisomeke hata picha ikiwa ndogo kama kidole gumba kwenye simu.

Dada, umenishinda kwa kijitabu: naacha kitako, nachukua mfuko. Leo jioni nakata kielelezo kwa kadi nyeupe na kutia kurasa 24 ndani, nione kama milimita 5 zinatosha. Fundi, nyekundu itaishia milimita 4 kabla ya mkunjo.

Fundi Karatasi:
Acha 6. Mashine ya kukunja huyumba.