Örebro: turudi shuleni au tubaki nyumbani?

Kutoka: Mama wa Kadutu (Örebro)
Tarehe: 5 Februari 2025, jioni
Kwa: ndugu wote wa Goma na Bukavu walio huku kaskazini mwa Ulaya

Jambo yenu ndugu.

Kwanza, wa kwetu tunaojuana hapa mjini Örebro, Sweden, wote wamepatikana. Tangu jana tunapigiana simu nyumba kwa nyumba. Yule mama ambaye simu yake ilikuwa imezima alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee. Tafadhali acheni kusambaza jina lake WhatsApp, jamaa zake wa Bukavu walikuwa wameshaanza kilio.

Mnajua kilichotokea. Jana Jumanne, saa sita na nusu mchana hivi, mtu mwenye bunduki aliingia Campus Risbergska, akaua watu kumi na kujeruhi wengine. Naye alikutwa amekufa humo humo. Ni shule ya watu wazima, ndipo wengi wetu tulipoanzia Kiswidi chetu. Waziri Mkuu Ulf Kristersson amesema Sweden haijawahi kuona shambulio la risasi baya kuliko hili katika historia yake.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Darasa langu liko jengo lingine, na mwalimu ameandika kwamba masomo yataendelea wiki ijayo. Mume wangu hataki nitoke. Nikikaa nyumbani, posho itakatwa? Mtoto wangu wa pili alifungiwa shuleni kwake kwa masaa, maana polisi walizuia wanafunzi wa shule za jirani wasitoke, na sasa hataki kulala peke yake. Nimpeleke kwa nani? Tena kijana wangu mkubwa ana video kwenye simu, anatumiwa na wenzake. Nimwambie nini?

---

Kutoka: Papa wa Ndosho (Borås)
Tarehe: 5 Februari, usiku

Mama, pole sana. Poleni wote wa Örebro.

Kuhusu masomo, usinyamaze. Mwandikie mwalimu kesho asubuhi, na mtu wako wa Arbetsförmedlingen, ofisi ya ajira, pia, useme wazi kwamba unaogopa. Hofu baada ya jambo kama hili kila mtu anaielewa, lakini usipoisema hakuna atakayeijua. Ukikosa wiki kadhaa bila neno lolote wanakuhesabu umeacha masomo, halafu kurudi kwenye foleni ni kazi. Omba mkalimani wa Kiswahili kwa mazungumzo hayo. Ofisi ndiyo inayomlipa, wewe hulipi kitu. Na mtoto asikutafsirie habari hii hata siku moja. Nimeona watoto wadogo wakieleza hofu ya mama zao mbele ya daktari, na jambo lile linabaki ndani ya mtoto.

Huyo wa pili, anza na shule yake. Kuna nesi na kuna mshauri wa wanafunzi, hiyo ndiyo kazi yao. Yeye mwenyewe anaweza kupiga 116 111 kwa Bris, shirika la kusaidia watoto, ni bure, na hawamwambii mzazi bila yeye kutaka. Wewe mkubwa piga 1177, ni ya ushauri wa afya. Komini, yaani serikali ya mji, nayo imefungua mahali pa kukaa na kuzungumza na watu wenye ujuzi. Nenda, usingoje hadi ugonjwa uingie.

Video: aliyepiga mwenyewe awape polisi, kisha asimtumie mtu mwingine. Aliyetumiwa tu afute. Mwambie kijana kwamba kuna familia zinatazama simu zao usiku huu.

Namba nyingine: 112 ni ya hatari iliyopo sasa hivi, na ukipiga anza kutaja mahali ulipo. Ukitaka habari tu, 113 13. Redio ya dharura ni P4.

Kuna jambo moja naliongeza kwa sababu sisi tumetoka tulikotoka. Kwetu Goma, risasi zikilia tunalala chini, tunasogea mbali na madirisha, tunangoja zipite. Hiyo ni kwa risasi zinazopita nje. Mtu anayetembea mlango kwa mlango ni habari nyingine. Polisi wa hapa wanafundisha hivi: kimbia utoke kama njia ipo, kama haipo, jifungie, zima sauti ya simu, weka kitu kizito mlangoni, ukishakuwa salama, piga simu. Waelezeni wazee wetu wanaosoma SFI, yale masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, kwa sababu miili yao imezoea ile ya kwanza.

---

Kutoka: Yaya wa Himbi (Goma)
Tarehe: 6 Februari

Wadogo zangu, mtandao umerudi kidogo, naandika haraka.

Tumesikia habari za huko kwenye redio. Mama yetu hajala tangu jana, anauliza kama Örebro ni mbali na mahali mnapokaa. Wiki nzima ni ninyi mliokuwa mnapiga simu kuuliza kama tuko hai, tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari. Leo sisi ndio tunawauliza.

Hapa tunazika. Watu wa Msalaba Mwekundu wanaokota miili barabarani, hospitali ya CBCA Ndosho imejaa majeruhi hadi nje. Umoja wa Mataifa umesema jana kwamba maiti zinakaribia 2,900: 2,000 zimeshazikwa na 900 bado ziko kwenye nyumba za maiti. Kijana mmoja wa avenyu yetu amezikwa na hakuna anayetuambia kaburi lake ni lipi.

Niambieni kitu kimoja. Huko, nani anahesabu wafu? Na nani anakwenda kwa familia?

---

Kutoka: Kijana wa Bagira (Uppsala)
Tarehe: 7 Februari

Yaya, huku wanahesabu. Polisi wamesema leo kwamba wote waliokufa wametambuliwa, na familia zimeambiwa. Siku ya pili tu mfalme Carl Gustaf na malkia Silvia walikuwa Örebro pamoja na Waziri Mkuu, wakaweka maua karibu na shule, wakaingia kanisani. Bendera ziko nusu mlingoti. Leo serikali imesema itakaza leseni za bunduki, ikataja aina ya AR-15, ambayo tangu 2023 iliruhusiwa kwa uwindaji. Aliyeua alikuwa na leseni, bunduki zake zilikuwa halali.

Lakini mimi nina hasira, na nisemapo hivi sitaki mtu aniambie nitulie. Mtu ameingia mahali ambapo wahamiaji wanajifunza lugha, ameua, na neno la mapema kabisa la polisi likawa kwamba hakuna dalili ya itikadi. Ushahidi ulikuwa haujakusanywa! Wangesema tu kwamba bado wanachunguza. Mama zetu wanaovaa vilemba wanapanda basi asubuhi wakitazama kila abiria. Hilo nani amelisema kwenye televisheni?

---

Kutoka: Mama wa Kadutu (Örebro)
Tarehe: 11 Februari, jioni

Ndugu, Yaya, mwanangu wa Bagira.

Leo saa sita mchana nchi nzima imekaa kimya dakika moja. Nilikuwa darasani. Ndiyo, nimerudi, mume wangu alinisindikiza hadi mlangoni na mwalimu akamkaribisha ndani, akakaa nasi hadi mwisho. Nawaambia wengine: ombeni hivyo hivyo kama mnaogopa, walimu nao wanaogopa na watawaelewa.

Nimefikiri sana swali la Yaya, na nataka kulijibu vizuri kwa sababu ni swali la kweli.

Wanahesabu, ndiyo, na siri yake si utajiri tu. Ni kwamba hesabu ina mwenyewe. Kuna ofisi ambayo isipotoa hesabu inaulizwa, na waandishi wanasimama mbele ya mkuu wa polisi hadi ajibu. Siku tatu, kila mwili umepata jina na kila familia imebishiwa mlango. Mtu kama mimi, niliyekuja na karatasi ya UNHCR mkononi, ningekufa Jumanne ile, Ijumaa wangeshajua mimi ni nani na watoto wangu wako wapi. Hilo limenipa nguvu kuliko maua ya mfalme, ingawa maua nayo nimeyathamini.

Kwetu mambo yalikuwaje? Mkumbuke Goma, tarehe 30 Agosti 2023. Waumini waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, askari wa amani wa Umoja wa Mataifa, walipigwa risasi na askari wa ulinzi wa rais. Serikali ikasema wafu ni 43, kesini hesabu ikapanda ikapita 50. Nasema haki kwa wote: mawaziri walikuja kutoka Kinshasa, gavana akaitwa huko, na kesi ilisikilizwa mbele ya watu pale pale Goma, si mafichoni. Tarehe 2 Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kanali mmoja adhabu ya kifo. Haraka ilikuwepo. Lakini mnakumbuka nani alisimama kwenye redio akasoma majina ya wale waliokufa, mmoja mmoja? Mimi sikuyasikia. Baada ya mauaji ya kijiji cha Kishishe, mwaka 2022, tulipewa siku tatu za maombolezo ya kitaifa, na wafu hesabu yao ilibaki ya kubishaniwa: serikali ina yake, Umoja wa Mataifa una yake. Maombolezo bila orodha yanamwacha mama peke yake na jina la mwanawe.

Kwa hiyo Yaya, hilo kaburi mnalolitafuta, msiliache. Andikeni: jina kamili la kijana, siku aliyotoka nyumbani, nguo alizovaa, mtu wa mwisho aliyemwona, kartiye na avenyu. Pelekeni kwa watu wa Msalaba Mwekundu, wana kazi ya kutafuta waliopotea na kuunganisha familia. Mkishindwa kufika, tumeni kwetu, tutapeleka kwa Msalaba Mwekundu wa Sweden, nao wanafanya kazi hiyo hiyo kwa wale waliokimbilia huku. Tusingoje vita viishe ndipo tuanze kuandika.

Sasa wewe mwanangu wa Bagira. Hasira yako ni halali. Waziri Mkuu alihutubia nchi Jumapili, tarehe 9, na akasema wazi kwamba wenye asili ya nje wanaogopa zaidi, na kwamba Sweden ni moja, hakuna sisi na wao. Nilimsikiliza hadi mwisho. Yalikuwa maneno mema, na yalichelewa siku tano. Siku tano ni ndefu kwa mtu anayeogopa kupanda basi. Christchurch, New Zealand, mwaka 2019, mtu aliua Waislamu 51 misikitini. Jacinda Ardern alikuwa mbele ya jumuiya ile kesho yake, amejifunika kichwa, na alishasema kwamba waliouawa ni sehemu ya nchi. Hakungoja uchunguzi uishe ili kujua nani ameumizwa. Sababu za muuaji zinahitaji ushahidi, lakini aliyeumizwa anaonekana siku ile ile. Hapo ndipo viongozi wa hapa walipopungukiwa, na tunaweza kusema hivyo bila kukosa shukrani. Nimemwandikia diwani wa komini yetu barua, kwa Kiswidi changu hiki, mwalimu akanisaidia kunyoosha sentensi. Nimewaomba kitu kimoja: mkutano na wanafunzi wa SFI, wenye wakalimani, ambapo polisi watajibu maswali yetu sisi wenyewe, si ya waandishi.

Anayetaka nakala ya barua aseme.

---

Kutoka: Dada wa Nyawera (Oslo)
Tarehe: 12 Februari

Mama, nitumie nakala hiyo.

Nawaongezea la kwetu Norway, kwa sababu nimeishi hapa tangu kabla ya tarehe 22 Julai 2011. Waliuawa watu 77, nane kwa bomu Oslo na 69 kwa risasi kisiwani Utøya, wengi wao vijana wadogo. Jens Stoltenberg, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisema jibu ni demokrasia zaidi na uwazi zaidi, na watu wakajaa barabarani na waridi mikononi. Hayo dunia inayakumbuka. Mimi nakumbuka zaidi yaliyokuja mwaka uliofuata. Agosti 2012 tume ilitoa ripoti ikasema wazi kwamba lile bomu lingeweza kuzuiwa, na kwamba polisi wangeweza kufika kisiwani mapema zaidi. Serikali yenyewe ndiyo iliyounda tume iliyoishitaki. Waziri Mkuu aliipokea ripoti hiyo mbele ya watu.

Kwa hiyo katika huo mkutano wenu ulizeni: nani atachunguza kazi ya polisi, ya shule na ya ofisi ya leseni, na ripoti itatoka lini? Ulizeni sasa hivi wakati kamera bado zipo. Baada ya miezi michache zitaondoka, na mtabaki ninyi na familia za marehemu.

Na Yaya wa Himbi, tuko nanyi. Kule Bukavu kwa wazazi wangu wanasema vita vinasogea, uwanja wa ndege wa Kavumu una hofu. Kama kuna mtu ana habari za barabara ya Uvira aniandikie pembeni.

---

Kutoka: Papa wa Ndosho (Borås)
Tarehe: 12 Februari, usiku

Nimeulizwa pembeni kuhusu malipo kwa walioumizwa na kwa familia za waliokufa, basi najibu hapa ili wote wasome.

Kuna Brottsoffermyndigheten, ofisi ya serikali ya waathirika wa uhalifu. Inalipa fidia hata kama mhalifu amekufa, na ndugu wa karibu wa aliyeuawa nao wana haki ya kuomba. Kuomba ni bure, msimlipe mtu anayejidai wakala. Lakini ofisi hiyo itauliza kwanza kama una bima ya nyumba, ile hemförsäkring, kwa sababu bima hizo kwa kawaida zinalipa mtu aliyeshambuliwa, hata akiwa nje ya nyumba. Bima ndiyo inayoanza, serikali inafuata.

Najua wengi wetu bima hiyo tuliiacha ili tutume pesa nyumbani, na mwezi huu Goma inahitaji kila kroni. Nawaomba mlio nayo msiifute. Anayejua mtu aliyekuwa ndani ya shule siku ile, hata kama hakupigwa risasi, amwambie atoe taarifa polisi kama shahidi na apeleke karatasi ya daktari kama halali usiku. Namba 116 006 wanasaidia waathirika na mashahidi, na unaweza kuomba mkalimani.

Barua yoyote ya bima au ya polisi ikikushinda, ipige picha unitumie. Jumapili baada ya ibada nitakuwa kwenye simu kuanzia saa tisa, tutazisoma moja moja.