Kilo nne za samaki kwa wiki: Mji wa Kale, beseni la mchuuzi, au wa friji?

Bi_Tudor
Assalam aleikum wajuzi. Nyumba ni ya watu sita: siku mbili mchuzi wa nazi, siku moja wa kukaanga. Njia ni tatu: kushuka soko la samaki Mji wa Kale hapa Mombasa, kumngoja mchuuzi wa beseni mlangoni, au kuchukua waliogandishwa dukani. Bei za kilo nishaziuliza kote. Nataka kujua kipi kinachobaki sufuriani kwa pesa ile ile, na kipi hakitatudhuru.

Mizani_Sawa
Dada, uliza kwanza kilo ya nini. Changu mzima wa kilo moja, akishatolewa magamba na matumbo, hubaki kama gramu 850. Ukitaka mnofu mtupu, hesabu 400 hadi 450. Tuseme kwa mfano umeuziwa kilo kwa shilingi 500: mnofu wake umekusimamia kati ya 1,100 na 1,250 kwa kilo. Vipande vya nguru vya 900 vina kijifupa cha katikati na ngozi basi, kwa hiyo kwa kukaanga nguru anaweza kuwa ndiye rahisi. Kwenye mchuzi hesabu inapinduka, maana kichwa cha changu na mifupa yake ndivyo vinavyotia utamu, hakuna cha kutupa.

Wa friji nao wana maji. Samaki hupakwa maji yakaganda juu yake ili asikauke. Jambo hilo si wizi, ila barafu ile inapimwa pamoja na samaki. Chukua mmoja, msuuze upesi kwa maji baridi mpaka ile ngozi ya barafu itoke, mpanguse, kisha mpime. Kilo ikirudi gramu 800, bei yako halisi ni ya dukani gawa kwa 0.8. Na ukiona mfuko una theluji nyingi ndani au samaki wameshikana bonge moja, huenda waliwahi kuyeyuka wakagandishwa tena. Warudishe.

Mshipi
Msimu ndio unaoamua. Kusi likivuma, Aprili mpaka Septemba hivi, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, kwa hiyo sokoni utakuta tafi, changu na pono, na bei iko juu. Kaskazi ikiingia, Novemba hadi Machi, jodari, nguru na kolekole hujaa. Anayekuuzia jodari "wa leo" mwezi wa Julai muulize maswali mawili zaidi.

Kumkagua: fungua shavu utazame matamvua. Mekundu yenye kung'aa, sawa. Yakiwa ya kahawia na utelezi mzito, mwache. Jicho liwe limejaa, halijazama. Bonyeza mgongoni kwa kidole, shimo lisibaki. Tafi mwangalie tumbo kabla ya jicho: hula mwani, na tumbo lake huoza haraka kuliko mwili, kwa hiyo likiwa laini au limepasuka, nyama imeshapata harufu hata jicho likikukonyeza. Miiba yake ina sumu. Ikate kwa mkasi kabla hujamshika. Ikikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoyastahimili.

Jikoni_Kisauni
Naongeza la jodari na vibua, maana hapa ndipo watu wanapodhurika. Wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru mwili, kwenye nyama. Baada ya hapo, kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, wala friji. Samaki anaweza kunuka vizuri tu. Dalili ni ulimi kuwasha kama umelamba pilipili, uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Kwa hiyo kwa mchuuzi wa beseni kanuni yangu ni hii: changu na tafi wa asubuhi, sawa. Jodari bila barafu, hata kwa nusu bei saa kumi jioni, hapana. Ile bei ya jioni ndiyo mtego.

Kwa haki ya wachuuzi, wao hukuparia na kukukatia, na wengine hukukopesha. Duka la friji halikopeshi.

Dema_la_Kale
Hakuna aliyegusa namna samaki alivyovuliwa, na hilo linaonekana mwilini mwake. Wa mshipi ana jeraha mdomoni. Wa nyavu ana alama ya uzi nyuma ya shavu. Wa bunduki ana tundu ubavuni. Fungu la samaki wadogo mchanganyiko, magamba yamebanduka, mchanga ndani ya mashavu: hilo mara nyingi ni la juya, wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukoni. Kenya ilipiga marufuku juya na bunduki za samaki mwaka 2001, lakini fungu lake bado linauzwa. Juya hukokota kila kitu, pamoja na changu ambao hawajataga hata mara moja.

Mizani_Sawa
Ndugu, fungu hilo ndilo linalolisha nyumba isiyoweza kununua kilo. Usimwambie mtu asile.

Dema_la_Kale
Simwambii asile, namwambia achague wadogo wa asili. Dagaa, una na vibua hukua upesi na huzaa mapema, na bei yao haimuumizi mtu. Changu wa urefu wa kiganja ni mtoto. Ukipata wavuvi wa dema, mtego wa kusukwa, lenye mwanya wa kutokea wadogo, nunua kwao.

Bi_Tudor
Ahsanteni. Basi Mji wa Kale asubuhi mara moja kwa wiki, changu wa mchuzi na nguru wa kukaanga. Kilo nne nitazihifadhije?

Jikoni_Kisauni
Nenda na kidumu cha barafu: kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, iliyopondwa, tabaka kwa tabaka, na maji yapate pa kutokea. Samaki asilale ndani ya maji. Nyumbani toa matumbo siku hiyo hiyo. Wa kesho mweke chini kabisa ya friji. Waliobaki wagawe mifuko ya nusu kilo, bapa, unene wa vidole viwili, utoe hewa, uwagandishe, maana friji ya nyumbani hugandisha polepole na bonge nene huharibika katikati. Kuyeyusha ni ndani ya friji, sehemu isiyogandisha, usiku kucha, si juu ya meza.

Mshipi
Na pweza je? Usimtwange, mgandishe siku mbili, analainika mwenyewe. Ila nunua mara mbili ya unachotaka, akichemka hubaki nusu.