Kijana wangu ametoka Kidato cha Tatu, Texas wamemweka darasa la tisa

Mama Baraka:
Ndugu zangu wanajamvi, habari za leo. Kijana wangu wa kwanza, mwenye miaka 16, amenifuata hapa kitongojini nje ya Dallas mwezi wa nane akitokea Arusha, alikokuwa Kidato cha Tatu. Shule ya serikali ya mtaani ilimpokea bila ada, nami nashukuru, lakini wamemweka darasa la tisa, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari huku, pamoja na watoto wa miaka 14, na hesabu anazofundishwa ni zile alizozimaliza Kidato cha Pili. Linaloniuma zaidi ni chakula cha mchana. Juzi nilikuta mkate niliomfungia asubuhi ukiwa mzima ndani ya begi. Akaniambia kwamba kule ukumbini kila meza ina wenyewe, kwa hiyo yeye hukaa maktaba mpaka kengele ilie. Naombeni ushauri.

Baba Imani:
Pole sana, dada. Huku darasa la mwanafunzi wa sekondari hupangwa kwa krediti alizonazo, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kuyafaulu, na diploma ya Texas, ambayo ni cheti cha kumaliza sekondari, inahitaji krediti zisizopungua 22. Ikiwa ripoti zake za Arusha hazijaingizwa kwenye rekodi, anahesabiwa kama aliyeanza jana. Mwandikie mshauri wa wanafunzi barua pepe, uombe miadi, na uende na ripoti za vidato vyote; kwa kuwa sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, huenda usihitaji hata kutafsiri. Wakisita, omba mtihani wa kupata krediti: kwa somo alilokwisha kulisoma, akipata alama 70 kati ya 100 anapewa krediti yake. Usiogope kuonekana mkorofi. Mimi nilinyamaza kwa heshima nikisubiri kuitwa, na binti yangu akarudia mwaka mzima wa hesabu alizokuwa anazijua.

Mwalimu Rehema:
Nakubaliana na Baba Imani. Kuhusu chakula, mama, usimlazimishe kwenda kujitafutia meza peke yake, maana urafiki katika shule hizi huanzia kwenye timu, bendi au klabu, na walio pamoja mazoezini ndio hukaa pamoja mchana. Soka ya shule huku Texas huchezwa kuanzia majira ya baridi, ila mbio za nyika zinaendelea sasa hivi, na kwa kawaida kocha wake hawachuji watoto kama wa soka. Atahitaji fomu ya afya iliyosainiwa na daktari. Ajue pia kwamba akishuka chini ya 70 katika somo, sheria ya jimbo humzuia kushindana kwa wiki zisizopungua tatu, jambo ambalo mimi naliona ni zuri.

Mama Baraka:
Mungu awabariki. Barua pepe nimeituma usiku huu. Ripoti ziko kwa shemeji yangu Arusha, naye ameahidi kuzipiga picha kesho asubuhi. Kuhusu mbio, nimemuuliza mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza viatu vyake vinauzwa wapi.