MJADALA: Ustawi wa jamii kwenye halmashauri uendelee kuongozwa na Mganga Mkuu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili bila ushabiki wa kada, yaani fani ya mtu kazini.

Januari 2022 Rais Samia aliigawa iliyokuwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Ustawi wa jamii na Kamishna wake ukahamia wizara mpya ya Dkt. Dorothy Gwajima, afya ikabaki kivyake. Huku chini hakuna kilichohama. Kibao cha mlangoni bado kimeandikwa Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, na mwenye divisheni ni Mganga Mkuu, yaani DMO. Kwa hiyo Afisa Ustawi ana mabosi watatu: miongozo inatoka kwa Kamishna, ajira iko TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kazi za kila siku anapangiwa na daktari.

Msimamo wangu: ustawi uwe na mkuu wake aliyesomea ustawi, aingie kwenye menejimenti na aripoti kwa mkurugenzi bila kupitia kwa mtu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 haikumpa daktari mzigo huu. Inamtaka mwananchi anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mwenye nguvu ya kumwita anayetuhumiwa ni Afisa Ustawi. Mahakama ya watoto nayo inamtaka awepo. Asipofika, shauri linapigwa kalenda.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Saa tatu usiku mtendaji wa kata anapiga simu: kuna binti wa miaka 12 amekimbilia kwa balozi wa nyumba kumi, anayetuhumiwa ni mjomba wake wanayeishi nyumba moja. Afisa Ustawi hana gari. Gari la divisheni limelala hospitali na alfajiri linapeleka chanjo. Anaandika dokezo, yaani ombi la ofisini, la mafuta. Dokezo linakwenda kwa DMO, DMO yuko kwenye kikao mkoani, anayekaimu anaogopa kuidhinisha. Linasubiri. Akirudi linapanda kwa mkurugenzi, linashuka uhasibu. Mafuta yanapatikana familia imeshakaa, imeshamalizana, na majirani wote hawakuona kitu.

Simlaumu DMO. Ana vituo vya afya, dawa, vifo vya wajawazito, na ndivyo anavyopimwa. Sijawahi kusikia DMO amebanwa kwenye kikao aeleze kwa nini mashauri ya watoto yamelala.

Karibuni mnipinge.

Muuguzi wa zamu

Mleta mada, unaandika kana kwamba ustawi ni mahakamani tu. Njoo wodini. Mzee kashushwa na bodaboda, hana ndugu, hana bima, jina lenyewe tumelipata kwa kubahatisha. Anayepima kama anastahili msamaha wa gharama za matibabu ni Afisa Ustawi. Anayehangaika kutafuta watu wake kijijini ni huyo huyo. Akipona akakosa pa kwenda, kitanda kinabaki kimeshikwa na wanaomsubiri wanalala chini. Hiyo bima ya afya kwa wote ya sheria ya 2023 haitakwenda bila mtu wa kumtambua asiye na uwezo. Mkimtoa kwa DMO atahamisha meza yake kwenda jengo la mkurugenzi, tusimwone tena.

Mleta mada

Sista, wa hospitali abaki hospitali, na kazi za wodini aendelee kuripoti kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali. Mimi nazungumzia kiti cha mkuu wa kada halmashauri nzima. Hicho ndicho kinachoamua gari liende wapi.

Mhasibu mstaafu

Nimekaa uhasibu miaka mingi, niwaambie tu. Ustawi unapata chochote kwa sababu umejibanza ndani ya mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ambako mfuko wa pamoja wa afya unaingia. Toka humo, unategemea mapato ya ndani. Mapato ya ndani yana asilimia 10 inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, yana miradi, yana vikao vya madiwani. Utapanga foleni nyuma ya nani, kijana? Dokezo lako litafika kwa mkurugenzi haraka kweli, na litajibiwa haraka vilevile: hakuna fedha.

Afisa maendeleo

Mbona jibu liko wazi? Waje kwetu, Divisheni ya Maendeleo ya Jamii. Wizarani tuko nyumba moja, huku chini tunatenganishwa kwa sababu gani?

Mleta mada

Kwenu hapana, mkuu, tusidanganyane. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na tangu hapo ofisi zenu ni vikundi na marejesho kutwa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Diwani anawauliza habari za mikopo. Mtoto kama yule binti hana kikundi wala diwani wa kumuulizia.

Mdau wa Namanga

Jirani zetu Kenya walipogatua madaraka kwa kaunti 2013 hawakuwapeleka maofisa wa watoto kwenye kaunti, waliwaacha serikali kuu. Sheria yao ya Watoto ya 2022 ikaweka Katibu wa Huduma za Watoto juu yao. Amri inashuka kwa mstari mmoja. Sisi tukimpa Kamishna watu wake moja kwa moja, TAMISEMI watakubali?

Mleta mada

Hawatakubali, na huenda si lazima. Kitengo cha Sheria kinaripoti kwa mkurugenzi. Cha Ukaguzi wa Ndani pia. Ustawi nao uwe kitengo cha namna hiyo. Mzee wa uhasibu, kwenye fedha umenibana kweli. Basi za msamaha na kazi za wodini zibaki kwenye mpango wa afya, za mashauri ya watoto na mafuta yake ziwe na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, kwenye kitengo.

Mhasibu mstaafu

Kasma inawezekana, nimeona vitengo vidogo kuliko hicho vikipewa. Lakini nenda masijala ya halmashauri yako uhesabu maafisa ustawi waliopo. Ukikuta wawili, mmoja utamfanya mkuu wa kitengo atakayeshinda kwenye vikao vya menejimenti. Kata zote hizo utamwachia huyu mmoja?